Kabla ya Kuinua Mkono wa Kulia

Hotuba kwa jumuiya ya Waswahili wanaoishi Marekani, imeandikwa upya kwa ajili ya waliokuwa zamu kazini siku ile.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, ndugu zangu, na ninyi vijana mliojibanza karibu na mlango mkidhani siwaoni: asanteni kwa kuja.

Humu ndani kuna walioingia nchi hii kama wakimbizi, kuna walioshinda ile bahati nasibu ya viza, kuna waliomfuata mume au mke. Njia za kuingia ni nyingi, lakini kwa anayetaka uraia wa tajnisi, yaani ule wa kuomba, zote zinakutana mahali pamoja: fomu iitwayo N-400, chumba chenye afisa mmoja na kompyuta yake, na siku ya kuinua mkono wa kulia ukaapa. Mimi nafundisha darasa la uraia. Wanafunzi wangu wanakuja wamekariri maseneta ni wangapi, majaji wa Mahakama Kuu ya nchi ni wangapi, Katiba iliandikwa mwaka gani. Wanayaogopa maswali hayo mpaka wanakosa usingizi. Halafu nawauliza kitu kidogo tu: mara ya mwisho ulitoka Marekani lini, na ulirudi tarehe ngapi? Kimya.

Sasa nisikilizeni. Mtihani wa historia unaogopwa kuliko unavyostahili. Kwa takwimu za idara yenyewe ya uhamiaji, karibu watu tisa kati ya kumi wanaufaulu mara ya kwanza. Wanaonijia na barua ya kukataliwa, wengi wao walijibu maswali ya historia vizuri tu. Kilichowakwamisha ni mambo yao wenyewe: safari waliyoisahau, kesi waliyodhani imekwisha, jina lililoandikwa kambini na karani ambaye hata hawamkumbuki. Kwa hiyo bendera na nyota zake leo naziacha. Leo tuzungumze karatasi.

Mwenye grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kuomba uraia akitimiza miaka mitano. Aliyefunga ndoa na raia, na wakawa wanaishi pamoja muda wote huo, mitatu. Fomu inaweza kupelekwa hata siku 90 kabla ya miaka kutimia. Hayo mengi mnayajua. Wengi wasichokijua ni wapi pa kuanzia kuhesabu. Toeni kadi zenu mtazame ile tarehe ya kuanza ukaazi, msihesabu kuanzia siku bahasha ilipofika. Aliyeletwa kama mkimbizi huomba grinikadi baada ya mwaka mmoja, na kadi yenyewe huenda ikachelewa tena, lakini ukaazi wake unarudishwa nyuma mpaka siku aliyotua. Aliyepewa hifadhi akiwa tayari humu nchini, kwake unarudishwa mwaka mmoja tu kabla ya siku ombi la grinikadi lilipokubaliwa. Nimeona watu wazima wanakaa mwaka na zaidi wakisubiri haki ambayo walikuwa nayo tayari mfukoni.

Ndani ya miaka hiyo mitano lazima uwe umekuwepo humu nchini, kimwili, angalau miezi 30. Na hapa ndipo safari za nyumbani zinapoanza kuuma. Sisi tukienda nyumbani hatuendi wiki mbili kama watalii. Unakwenda kwenye msiba, unakaa mpaka arobaini, unakuta shamba la marehemu lina mgogoro, ndugu wanakuambia wewe ndiye mkubwa, usiondoke kabla baraza halijakaa. Ukija kugutuka ni miezi saba. Sheria inasema hivi: ukikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo, unahesabiwa kwamba umekata mwendelezo wa ukaazi wako, mpaka wewe mwenyewe uthibitishe vinginevyo. Utaonyesha mkataba wa nyumba uliyoendelea kuilipia, kazi uliyoiacha kwa ruhusa, watoto waliobaki shuleni, marejesho ya kodi. Ukikaa mwaka mmoja au zaidi, mwendelezo umekatika, na kwa wengi hesabu inaanza upya. Na tafadhali, kile kibali cha kurudi ambacho watu huomba kabla ya safari ndefu kinailinda grinikadi yako, lakini hesabu ya uraia hakiilindi. Vitu hivi viwili watu wanavichanganya kila siku, na wanaowachanganya zaidi ni wale washauri wa kwenye makundi ya WhatsApp.

Basi tafuteni daftari. Kila safari: tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, nchi. Pasipoti ya zamani usiitupe hata kama imekwisha muda, maana mihuri iliyomo ndiyo kumbukumbu yako.

Tuje kwenye fomu yenyewe. Mwanzo wake ni mwepesi: jina, anwani, kazi, ndoa, watoto. Ugumu uko kwenye yale maswali yanayoanza na "umewahi". Umewahi kukamatwa? Umewahi kudai kuwa raia wa Marekani? Umewahi kujiandikisha kupiga kura? Umewahi kuwa na wake wawili kwa wakati mmoja? Umewahi kutumikia jeshi, mgambo, kundi la waasi, au kulinda gereza? Umewahi kumtesa mtu? Ni orodha ndefu, na siku ya mahojiano afisa atayarudia maswali hayo kwa mdomo, kwa Kiingereza, wewe ukiwa umeshakula kiapo cha kusema kweli.

Nina mwanafunzi, mama wa makamo, mzee wa kanisa, mtu asiyeweza kumkanyaga hata sisimizi. Tulikuwa tunafanya mazoezi, mimi nikijifanya afisa. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama amewahi kumtesa mtu yeyote. Akatabasamu, akaweka mikono mapajani, akasema, "Yes." Nikamuuliza kama amewahi kuwa katika kundi lenye silaha. "Yes, sir." Nikamuuliza kama amewahi kumuua mtu. Akaona nimekunja uso, akaongeza sauti: "Yes, sir, thank you." Darasa zima likacheka, naye akacheka. Lakini mimi moyo ulikuwa unanidunda, kwa sababu najua hakuwa anajibu swali. Alikuwa anamheshimu mwalimu. Amelelewa hivyo, mkubwa akisema neno unaitikia. Mbele ya afisa, itikio hilo linaandikwa kama jibu.

Dawa yake tuliipata. Kabla ya kujua majibu, jifunze kwa Kiingereza sentensi moja: samahani, sijaelewa, naomba urudie. Afisa anapaswa kurudia, na anaweza kukuulizia kwa maneno mepesi zaidi. Mama yule sasa anaisema sentensi hiyo vizuri kuliko mimi. Akiona swali limempita, anaisema. Akirudiwa na bado halijaingia, anaisema tena. Hilo halihesabiki kuwa ujeuri.

Kwa waliowahi kukamatwa: sema kwamba ulikamatwa. Hata kama kesi ilifutwa, hata kama wakili wa wakati ule alikuambia rekodi imesafishwa, hata kama ulikaa kituoni saa mbili ukaachiwa. Alama zako za vidole watazichukua, na wataona kwamba ulikamatwa. Tafuta mahakamani karatasi iliyogongwa muhuri inayoonyesha kesi iliishaje, uibebe. Kesi yenyewe huenda isikuzuie chochote. Kuificha kunaweza kukuzuia.

Na sasa niseme jambo linaloniuma kweli kweli, la kura. Tangu 1993 kuna sheria inayozitaka ofisi za leseni za udereva ziwape watu nafasi ya kujiandikisha kupiga kura hapo hapo. Kwa raia ni jambo jema. Kwa mgeni ni shimo. Umeingia kuchukua leseni, umefurahi umepita mtihani wa barabarani, karani anaongea haraka, anakugeuzia kioo chenye maswali sita, na wewe unabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, utoke. Mojawapo lilikuwa linauliza kama wewe ni raia na kama unataka kuandikishwa kuwa mpiga kura. Baada ya miezi inakuja kadi ya mpiga kura kwa posta, na kwa kuwa ina jina lako na nembo ya serikali, unadhani umeitwa. Asiye raia akipiga kura kwenye uchaguzi wa kitaifa ametenda kosa la jinai, na kudai kwa uongo kwamba wewe ni raia kunaweza kukutoa kabisa nchini. Kama limekupata jambo hili, usilie na usilifiche. Ila usipeleke N-400 kabla hujakaa na wakili wa uhamiaji, kwa sababu ukiipeleka umejipeleka mwenyewe mezani kwao.

Vijana wa mlangoni, hili ni lenu. Mwanamume mwenye miaka 18 mpaka 25, awe raia, mwenye grinikadi au mkimbizi, anatakiwa awemo kwenye daftari la wanaoweza kuitwa jeshini. Hakuna anayeitwa sasa, lakini afisa wa uraia atakuuliza. Hakikisha jina lako limo kabla hujafika miaka 26, maana baada ya hapo daftari linafungwa kwako na unabaki kuandika barua za kujieleza. Kodi nayo: wasilisha marejesho kila mwaka unaopaswa kuwasilisha. Kudaiwa si mwisho wa dunia kama umekubaliana na idara ya kodi na unalipa kidogo kidogo. Kutojaza kabisa ndiko kunakosumbua.

Nimeacha makusudi faili la kambini, yaani maelezo yenu yaliyoandikwa kwenye kambi za wakimbizi, maana hilo linahitaji nafasi yake.

Wengi hapa mmepita Nyarugusu, Kakuma, Dadaab, Nakivale. Mnajua uandikishaji ulivyokuwa. Foleni, jua, karani mwenye haraka, mkalimani asiyejua kilugha chako. Ukiulizwa tarehe ya kuzaliwa ukasema mwaka wa mafuriko, karani anaandika tarehe 1 Januari. Ndiyo maana tukifika mwaka mpya nusu ya jumuiya yetu ina siku ya kuzaliwa. Hilo watu wanalichekea, na maafisa wamelizoea. Jina la babu likawa jina la ukoo, la ukoo likawa la kwanza. Haya nayo yana nafuu, kwa sababu siku ya kuomba uraia unaweza kuomba pia kubadili jina. Tarehe ni ngumu zaidi. Kama una cheti halali chenye tarehe ya kweli, lishughulikie mapema, maana tarehe uliyoiapia ikishaingia kwenye cheti cha uraia, kuibadilisha ni kazi ngumu mno.

Kigumu hasa ni familia. Kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto. Kaka akiuawa njiani, watoto wake umewabeba wewe, umewalisha wewe, wanakuita baba. Ukiulizwa kambini una watoto wangapi, unasema saba, na hukusema uongo kwa jinsi unavyojua wewe. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani ina maana yake ya mtoto, na maana hiyo haimjui mtoto wa kaka mpaka ameasiliwa kisheria. Wengine waliambiwa waseme hawajaoa ili faili lisicheleweshwe, wakati mke wa ndoa ya kimila yupo. Wengine walihama familia, wakaingia kwenye faili la shangazi. Yote hayo yamo ndani ya faili moja lenye namba yako, linaloanzia mahojiano ya kwanza ya kupelekwa ughaibuni, na afisa wa uraia analo mbele yake. Ukija leo ukaandika una watoto watano, ataona saba. Ukiandika saba ili ulinde hadithi ya zamani, umeapa juu ya jambo usilopaswa kuliapia. Na jambo hili haliishi siku ya kiapo: serikali inaweza kwenda mahakamani kumvua uraia mtu aliyeupata kwa udanganyifu, na katika kesi hizo za madai hakuna kikomo cha miaka.

Sisemi haya kuwatia hofu. Nasema kwa sababu ushauri unaotembea mitaani, wa kwamba "andika vilevile kama kambini, usiguse kitu", ni ushauri mbaya. Na ule wa pili, wa kwamba "sahihisha kimya kimya, hawataona", ni mbaya zaidi. Jambo la namna hii lina njia zake za kuelezwa, na anayezijua ni wakili. Mweleze yote, hata yanayokuaibisha. Unayomwambia wakili ni siri yake na yako.

Nikisema wakili nina maana wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, ambao wengi wao wako kwenye mashirika yasiyotafuta faida na hutoza kidogo au hawatozi kabisa. Sina maana ya yule ndugu mwenye duka la kutuma pesa anayejaza fomu pembeni. Fomu ya uraia ni bure kwenye tovuti ya serikali. Anayekuuzia fomu tupu amekuibia kabla hamjaanza kazi. Ada ya kuipeleka, tangu Aprili 2024, ni dola 760 kwa karatasi na dola 710 kwa mtandao. Mwenye kipato cha chini anaweza kulipa nusu, yaani dola 380, na anayepokea misaada inayotolewa kwa kuangalia kipato, kama ule wa chakula, anaweza kuomba asamehewe yote. Wanaoomba punguzo au msamaha hawaoni aibu yoyote mbele ya afisa. Ombi linakaguliwa kwa vigezo, basi.

Sasa watoto, na hapa nawaomba wazazi mniache niseme kwa ukali kidogo. Kwa sheria ya mwaka 2000, iliyoanza kufanya kazi tarehe 27 Februari 2001, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grinikadi, anayeishi humu nchini chini ya malezi halali ya mzazi wake, anakuwa raia papo hapo mzazi huyo anapoapa. Hafanyi mtihani. Hajazi N-400. Lakini mwanao akitimiza miaka 18 Jumatatu na wewe ukaapa Jumanne, hajapata kitu. Atapanga foleni yake mwenyewe, na kama ni kijana wa kiume aliyeanza kupimana nguvu na polisi wa mtaa, foleni hiyo inaweza kuwa ndefu sana. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa miaka 15 au 16 hana ruhusa ya kusema "nitaomba nikitulia". Na kama baba na mama wote wamefikisha muda, atangulie yule mwenye karatasi safi na Kiingereza chepesi. Hata kama ni mama. Nimesikia mabaraza ya familia yakijadili eti baba lazima aape kwanza. Wakati mnajadili, mtoto anakua.

Mtoto wa kambo hamo kwenye sheria hiyo mpaka umemuasili. Mtoto wa kaka vivyo hivyo. Mnaona sasa kwa nini nilikaa sana kwenye faili la kambini. Na mtoto aliyepata uraia kwa njia hii bado anahitaji karatasi ya kuonyesha, kwa hiyo mwombee pasipoti mara moja, na ukiweza, cheti chake mwenyewe kwa fomu N-600. Kuna vijana ambao ni raia kamili na hawajui, wala hawawezi kuthibitisha.

Mtihani niumalize haraka. Aliyepeleka fomu kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 ana orodha ya maswali 100, anaulizwa mpaka kumi, akipata sita amepita. Aliyepeleka kuanzia tarehe hiyo ana orodha ya maswali 128, anaulizwa mpaka ishirini, anahitaji kumi na mawili. Hakikisheni mnasoma orodha yenu, maana vijitabu vya zamani bado vinazunguka. Kusoma, unapewa sentensi tatu na unatakiwa uweze moja. Kuandika, vivyo hivyo. Ukianguka sehemu fulani, unarudia sehemu hiyo tu, kati ya siku 60 na 90 baadaye.

Wazee mna nafuu yenu. Mwenye miaka 50 aliyekaa na grinikadi miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa nayo miaka 15, anasamehewa Kiingereza. Maswali anaulizwa kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Mwenye miaka 65 na ukaazi wa miaka 20 ana orodha fupi ya maswali 20 tu. Mgonjwa ambaye maradhi yake, ya mwili au ya akili, hayamruhusu kujifunza, daktari wake anaweza kumjazia fomu N-648 ya kuombea msamaha. Watu hunijia, wana miaka 53, ukaazi miaka 13, wananiuliza kama wasubiri. Kama huna mtoto mdogo anayekutegemea kwa uraia, na Kiingereza kimekukatalia kabisa, miaka miwili si mingi. Kama una mtoto wa miaka 16, njoo darasani tupambane na hicho Kiingereza.

Kijana mmoja aliwahi kunirushia swali zito: kwa nini niape kwa nchi ambayo ilishasema mtu kama mimi hafai? Ana haki ya kuuliza. Sheria ya kwanza ya tajnisi ya Marekani, ya mwaka 1790, iliutoa uraia kwa watu weupe walio huru, basi. Ilipita miaka 80, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawa vimepiganwa, ndipo sheria ya 1870 ikataja watu waliozaliwa Afrika na wenye asili ya Afrika. Waasia walifungiwa nje muda mrefu zaidi. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ilimkatalia Bhagat Singh Thind, Mhindi aliyekuwa amevaa sare ya jeshi la nchi hii, na kigezo cha rangi hakikufutwa kabisa mpaka 1952. Nilimjibu kijana kwamba mlango huo ulifunguliwa na watu waliokataa kuondoka, na sasa uko wazi, sioni sababu ya kusimama nje tukiulaumu. Raia wa tajnisi leo hawezi kuwa rais wala makamu wa rais. Mengine yote yako wazi kwake. Madeleine Albright alizaliwa Prague, akapata uraia 1957, na mwaka 1997 akawa waziri wa mambo ya nje.

Kiapo chenyewe kina maneno mazito. Unatamka kwamba unaacha utii kwa mfalme, mtawala au dola yoyote ya kigeni, na kwamba uko tayari kubeba silaha sheria ikitaka. Ambaye dini yake inamkataza silaha anaweza kuomba kipengele hicho kiondolewe. Lakini kule nyumbani kila nchi ina lake. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake, Katiba ya 2010 inamlinda. Sheria ya 2011 inamtaka tu atoe taarifa ndani ya miezi mitatu. Aliyeupoteza kabla ya 2010 anaweza kuuomba tena. Mkongomani wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Katiba ya 2006 inasema uraia wake ni mmoja na hauendi sambamba na mwingine.

Mtanzania mwenzangu, wewe ndiye mwenye hesabu ngumu zaidi. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima anayechukua uraia mwingine kwa hiari yake anaacha kuwa Mtanzania, na kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo kile kiwanja ulichokuwa unakijenga kidogo kidogo kwa pesa za zamu za usiku ni jambo la kulizungumza na wakili wa huko kabla hujaapa huku. Kuhusu hadhi maalum kwa diaspora serikali imeizungumza sana. Fuatilieni imefika wapi na inatoa haki gani. Kuna watu wazima wenye akili timamu waliokaa chini, wakapiga hesabu, wakaamua kubaki na grinikadi. Siwalaumu. Ninayemlaumu ni anayeapa huku bila kujua anaacha nini kule.

Kati ya mahojiano na kiapo bado wewe si raia. Wengine huambiwa wamepita, wakafanya karamu, wakasafiri, wakagombana na mtu, wakasahau kwamba siku ya kiapo wanapewa karatasi ya mwisho inayouliza: tangu mahojiano, umesafiri? Umekamatwa? Umeoa au kuachana? Jibu la kweli, tena. Unarudisha grinikadi mlangoni. Unapewa cheti. Kabla hujapiga picha na bendera, soma kila herufi ya jina lako na kila tarakimu ya tarehe yako, na ukiona kosa lolote la uchapaji, lisemee pale pale kabla hujaondoka. Kisha pasipoti. Halafu nenda ofisi ya hifadhi ya jamii wabadilishe kumbukumbu zako. Na kura, sasa, jiandikishe.

Jumamosi ijayo darasa linaanza saa nne asubuhi, na wakili wa kujitolea atakuwepo. Njooni na grinikadi, pasipoti zote za zamani na mpya, marejesho ya kodi ya miaka mitano, vyeti vya ndoa na talaka, na karatasi yoyote ya mahakama. Mwenye faili la kambini lenye utata asiseme neno mbele za watu. Aniambie tu anataka kuonana na wakili, na chumba cha ndani kitafunguliwa. Watoto waleteni pia, kuna watakaowaangalia. Sasa maswali. Mama mwenye kitenge cha bluu, wewe umeinua mkono tangu nilipotaja mambo ya kura, tuanze na wewe.